Swichi ya Upande wa Kulia

Swichi ilikaa upande wa mkono uliokufa, na Fundi hakugundua mpaka plasta ilipokwisha kukauka. Alikuwa amepima akiwa amesimama miguuni pa kitanda, kama afanyavyo fundi yeyote anayetaka kuuona ukuta wote, akasahau kwamba kushoto kwake ndiko kulia kwa mtu aliyelala. Na mama yake alikuwa amepooza upande wa kulia. Mkono wake wa kushoto, ulio mzima, ungelazimika kuvuka kifua na mto, na bado usingeifikia ile swichi. Kwa mtu aliyevuta nyaya kwenye majumba ya watu tangu ujana wake, hilo lilikuwa kosa la kuficha uso.

Nyumba ilikuwa ya dada yake, mshonaji, ambaye ndiye aliyemuuguza mama yao. Aliomba feni ya darini yenye taa tumboni, na swichi mbili za kuiendesha: moja mlangoni kwa anayeingia, nyingine kichwani pa kitanda ili mama asiite mtu kila joto linapozidi. Ni kazi ya kawaida. Ukiwasha mlangoni unaweza kuzima ukiwa kitandani, na ukizima kitandani unaweza kuwashia mlangoni, na hakuna swichi iliyo bosi wa mwenzake. Ubaya wake ni mmoja tu, kwamba taa ikiwaka peke yake kila mtu hudhani kuna mwingine aliyeiwasha.

Dada mtu alipoona swichi ilipo alicheka hadi akashika mbavu, akasema sasa ameelewa kwa nini wateja wa kaka yake hawamwiti mara mbili. Kitanda hakikuweza kugeuzwa kwa sababu chumba kilikuwa chembamba, mlango huku na dirisha kule. Fundi aliahidi kurudi kuihamisha, dada akarudi kwenye cherehani yake sebuleni, na Fundi akabaki kumaliza majaribio.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika, ingawa wakati ule hakuna aliyejua.

Siku zote Fundi alifanya kazi na mwenzake mmoja aliyeitwa Kipisi. Fundi husimama chini ya feni akiitazama kama inayumba, Kipisi husimama kwenye swichi ya pili, na huyu akisema washa yule hubonyeza. Lakini Kipisi alikuwa kwenye fungate, na ulimi wa Fundi haukuwa na habari hiyo. Alisimama chini ya feni, uso juu, akasema, "Washa."

Swichi ikalia. Taa ikawaka, mapanga ya feni yakaanza kuzunguka polepole, kisha yakashika mwendo bila kuyumba hata kidogo.

"Zima," akasema Fundi.

Ikazimika.

"Asante sana. Kazi nzuri."

Alikuwa ameshainama kukusanya koleo na bisibisi zake ndipo alipokumbuka Kipisi yuko wapi. Akageuza shingo. Mama yake alikuwa macho, anamtazama, na mkono wa kulia ulilala juu ya shuka pale pale ulipolala tangu asubuhi. Chumba kilinuka waya unaoungua, na chini ya harufu hiyo kulikuwa na nyingine, ya udongo uliochimbuliwa ukiwa bado na maji. Fundi alipanda ngazi tena, akakagua kila kiungo, hakuona kilichoungua. Akajiambia kuwa ni joto. Watu wa umeme wana majibu ya kila kitu, na yeye alichukua la kwanza lililomjia.

Siku chache baadaye dada yake alimpigia simu akilia kwa furaha. Mkono wa mama umeamka. Alikuwa akimlisha uji, giza la mvua likaingia chumbani, akasema tu kwa sauti kwamba ngoja awashe taa, na kabla hajainuka mkono wa kulia ukapanda ukutani na kubonyeza. Ule ule ambao daktari alisema wausahau. Fundi aliketi juu ya sanduku lake la vifaa, barabarani mbele za watu, machozi yakamtoka. Akamshukuru Mungu kwa kosa lake la vipimo.

Alipokwenda kuona, aliukuta mkono unafanya makubwa kuliko kubonyeza swichi. Mama yao naye alikuwa mshonaji zamani, na ndiye aliyemfundisha binti yake kazi. Sasa mkono ulitunga uzi kwenye sindano kwa mara moja, ulishona vifungo, ulipinda mapindo. Dada alikuwa ameelemewa hadi macho yameingia ndani, kwa kuwa mchana alishona na usiku aliuguza, na kwa hiyo msaada huo ulikuwa kwake kama mvua. Aliweka rundo la mashati kitandani na kurudi kuyakuta yamekwisha.

Lakini Fundi aliketi akatazama, na kadiri alivyotazama ndivyo furaha ilivyomtoka. Mama yake hakuutazama ule mkono. Mtu anayeshona hutazama sindano. Mama alitazama ukuta, amekaza shingo, kama abiria aliyebanwa na mtu asiyemjua na anaogopa kugeuka. Uzuri wa ile mishono nao ulikuwa na walakini, maana mama yao alizoea kufunga fundo mara mbili, na mafundo haya yalikuwa ya aina ambayo Fundi hajapata kuiona kwenye nguo yoyote. Dada alipotoka kumfungulia mteja, mama aliinua mkono wake wa kushoto, ule dhaifu wa uzee lakini wake, akashika kola ya mwanawe na kumvuta. Maneno yake yalikuwa mazito tangu apooze, na haya aliyatoa kama anayenyanyua mawe.

"Mwanangu. Si wangu."

"Nini si chako, mama?"

Akateremsha macho kuelekea mkono wa kulia. Sindano ilikuwa imesimama. Mkono ulikuwa umetulia, kama unasikiliza.

Fundi alitaka kumweleza dada yake, lakini dada alimkatisha. Alisema mama amechanganyikiwa kidogo tu, ugonjwa huo huchezea akili, na kwamba yeye anayelala hapo kila siku anajua zaidi ya anayekuja kupiga hodi na kuondoka. Hilo lilimuuma Fundi kwa sababu lilikuwa kweli.

Jioni moja umeme ulikatika mtaa mzima. Jua lilikuwa limetua punde, Fundi yuko njiani anakwenda kumwona mama yake, na nyumba zote zilikuwa nyeusi, watu wametoa viti nje wanalalamika. Dirisha moja tu lilikuwa na mwanga, na lilikuwa la chumba cha mama. Aliingia, akampita dada yake aliyekuwa akitafuta mshumaa jikoni, akaenda kwanza kwenye swichi kuu kwa sababu ndivyo mikono yake ilivyofunzwa, akaishusha, akaisikia ikigonga chini kabisa, na mwanga chini ya mlango wa mama haukutikisika. Akapiga moyo konde akaufungua ule mlango, na ndani feni ilikuwa ikizunguka kwa kasi ambayo haikutengenezewa, taa imewaka nyeupe kupita kiasi, harufu ya waya na udongo mbichi imejaa hadi ikawa kama kitu cha kutafuna, na mkono wa kulia ulikuwa umesimama wima kutoka kwenye kiwiko, vidole vimekunjuliwa, unamngoja, huku mama yake amefumba macho na midomo inatetemeka, na kisha ule upande wa mdomo uliopooza, upande ambao hata mate haukuweza kuyazuia, ukafunguka peke yake na kusema kwa sauti safi ya kijana mwenye adabu:

"Fundi, nipo. Kuna kazi nyingine?"

Miguu ilitaka kukimbia, lakini mama yake alikuwa mle ndani.

"Zima," alinong'ona.

Mkono ukapanda ukutani. Giza.

Mganga aliletwa kesho yake asubuhi. Alikuwa mwanamke mnene mwenye miwani, aliyelalamikia magoti yake tangu mlangoni na kuomba maji ya kunywa kabla ya salamu kuisha. Fundi alitarajia mbwembwe na hakuziona. Mganga alinusa chumba, akamshika mama mkono wa kushoto kwa muda mrefu, akaukwepa ule wa kulia. Kisha akauliza ni nani aliyesema neno la kwanza humu. Fundi akaeleza yote: Kipisi, washa, zima, asante.

Mganga akamsikiliza hadi mwisho, halafu akavua miwani na kuifuta.

"Huyu jini hakuvunja mlango, baba," alisema. "Ulimwita kazini akaitika. Ukamsifu. Akatafuta mkono wa kufanyia kazi, akaukuta mmoja uko wazi hauna mwenyewe, tena umeuwekea na swichi yake."

"Anatokaje?"

"Anatoka kama kibarua yeyote. Unamwambia kazi imekwisha. Lakini asiitwe tena, nyinyi wawili mnanisikia? Akiitwa mara ya pili harudi kama kibarua. Anarudi kama mwenye nyumba."

Dada mtu alikuwa amesimama mlangoni na shati mkononi, limeshonwa nusu. Akauliza kama mkono utabaki ukifanya kazi. Mganga akasema hapana, utalala kama ulivyolala. Dada akauliza kama hakuna namna ya kumwacha abaki kwa masharti, amsaidie tu mama. Fundi akamtazama dada yake, akaona mikono iliyochubuka kwa kufua mashuka, na shingo iliyopinda kwa cherehani, na kwa mara ya kwanza akaona aibu ya kweli, kubwa kuliko ile ya swichi. Lakini kutoka kitandani mama alikuwa ameshajibu.

"Atoke," alisema. "Atoke. Atoke."

Fundi alisimama chini ya feni, pale pale. Akasema kwa sauti iliyokwaruza kwamba kazi imekwisha, kwamba hapa hapana kazi nyingine, kwamba aende. Feni ilianza kuzunguka ilhali hakuna aliyegusa chochote. Ikazunguka mara kadhaa, ikapungua, ikasimama. Mkono wa kulia ukaanguka juu ya shuka kama kitambaa kilichodondoka mezani. Ile harufu ikatoka dirishani. Mama akalia upande mmoja wa uso, akacheka kwa upande huo huo, akaomba uji.

Siku hiyo hiyo Fundi aling'oa swichi ya kitandani, akaunganisha nyaya ili ya mlangoni ifanye kazi peke yake, akaziba tundu kwa plasta. Alimwambia dada yake kuwa atakuja kila siku kumsaidia kumgeuza mama na kufua, na alikuwa na nia hiyo kwa dhati. Alifika wiki ya kwanza. Halafu akapata jengo zima la kufunga umeme, Kipisi akarudi, na siku zikaanza kumponyoka. Alituma salamu. Dada yake alijibu kwamba wako salama, asijisumbue.

Alipokuja tena ilikuwa alasiri. Dada yake alikuwa sebuleni amelala juu ya cherehani, amelala usingizi mzito wa mtu aliyepumzika, na kando yake kulikuwa na rundo la mashati yaliyokamilika. Fundi alishika moja, akageuza kola, akaliona lile fundo asilolijua.

Chumbani pazia lilikuwa limefungwa. Plasta ilikuwa imekwanguliwa ukutani kwa ncha ya mkasi, na swichi ile ya awali, au nyingine inayofanana nayo, ilining'inia pale upande wa kulia, nyaya zake zimefungwa kwa uzi wa kushonea. Mkono wa kulia ulikuwa ukishona gizani. Haukusimama alipoingia. Mama yake alikuwa ameushika kwa mkono wa kushoto, ameukamata kwenye kifundo kwa nguvu kidogo zote alizokuwa nazo, na mkono ulishona tu, ukimyumbisha huku na huku.

"Mama," Fundi aliita.

Upande wa kulia wa mdomo ndio uliojibu. Sauti haikuwa tena na adabu.

"Wewe nani kakuita?"

Fundi alirudi nyuma hadi mlangoni akabonyeza swichi. Taa ikawaka, akaona jicho moja la mama linamlilia na jingine linamkagua. Kitandani swichi ikalia, giza. Akabonyeza tena, mwanga, na sasa mkono ulikuwa umeacha sindano na kumshika mama kidevu, taratibu, kama anayenyamazisha mtoto. Giza. Akabonyeza, akabonyeza, na kila alipowasha huku kulizimwa kule, kwa sababu zilikuwa zimerudishwa kama alivyozifunga mwenyewe mwanzoni, vizuri, na hakuna iliyokuwa bosi wa mwenzake.

Kisha mkono wenye joto ukashuka juu ya wake na kuuondoa kwenye swichi. Alikuwa dada yake, macho yamevimba kwa usingizi.

"Mwache, kaka," alisema polepole. "Nilikungoja wewe kwanza, hukuja. Nikamwita yeye."