Abaya Nyuma ya Mlango wa Mwisho

Jioni ya kuamkia Idi Kubwa, mwaka elfu mbili na tano, duka kubwa la Azaiba lilikuwa halina pa kutia mguu. Watoto wanalilia mapurutangi, kina mama wanagombania vitunguu kama vinatolewa sadaka, harufu ya udi imechanganyika na ya samaki. Khawla kasimama karibu na mlango wa kutokea na toroli lililojaa pomoni. Kavaa abaya nyeusi iliyotariziwa mikononi, na mtandio wake wa rangi ya zabibu hautulii kichwani. Pembeni yake, juu ya gunia la mchele, kakaa mama yake, Bi Mahfoudha, anasugua magoti na kuyasema. Wanamngoja Marhoon, kaka yake Khawla, aje na gari. Marhoon kasema dakika tano, lakini dakika za Marhoon zina watoto na wajukuu.

"Shikamoo, mama."

Bi Mahfoudha akainua macho. Mbele yake kijana mrefu, kanzu nyeupe imepigwa pasi mpaka inakata, kofia ya kazi ya sindano imekaa upande kidogo. Mkononi ana kibao chenye karatasi. Nyuma yake mama wa Kizungu mwenye kofia ya ukindu, uso umemuiva kwa joto, anatabasamu.

"Marahaba. Umejuaje kama mie Mswahili, huku Uarabuni?"

"Nimesikia unavyoyatukana magoti yako, mama."

Khawla akacheka, mtandio ukamporomoka, akaudaka. Kijana akatazama karatasi zake kwa adabu, lakini alikuwa keshaona.

"Naitwa Zahor, niko baladia, manispaa. Huyu Bi Annelies katoka Uholanzi. Vyuo vya Ulaya vimeshirikiana na sisi katika utafiti. Tunawauliza wanaokaa mitaa ya nyumba zilizotawanyika, wanafikaje dukani, hospitali, skuli. Kwao nako mitaa hiyo ipo, wanataka tujifunze pamoja namna ya kuvisogeza vitu karibu na watu."

"Basi mmempata mwenyewe. Sie tunakaa Hail."

"Mmefikaje hapa?"

"Kwa gari ya Marhoon."

"Na mtarudije?"

"Kwa dua."

Zahor akaandika, hata Khawla hakujua kaandika nini. Kisha akamgeukia yeye. "Na wewe, dada, huendeshi?"

"Naendesha vizuri sana, mbele. Huko kwenye mtihani wa leseni wanataka urudi kinyumenyume katikati ya mapipa, na mapipa na mie hatupatani. Askari ananijua kwa jina."

"Inatosha," Zahor akasema, anajizuia asicheke. "Ila utafiti huu unahitaji namba ya simu. Kwa maswali ya baadaye."

Khawla akamtazama kwa pembe ya jicho. Bi Mahfoudha, anayetaka kwenda zake kulala, akasema, "Mpe, mwanangu. Kazi ya serikali hiyo."

Maswali ya utafiti yalikwisha simu ya kwanza. Ya pili ikaja hata hivyo, na ya tatu. Khawla alikuwa mwalimu wa watoto wadogo, akirudi skuli hula, hulala kidogo, na baada ya alasiri hupanda juu ya paa la sakafu kuanua nguo. Simu ikilia nguo hazianuliki.

"Leo unauliza nini?"

"Leo utafiti unataka kujua umekula nini."

"Wazungu ndo wanataka kujua?"

"Wazungu wamelala. Ninayetaka ni mimi."

"Mwambie huyo anaetaka nimekula wali na papa. Na asinitie njaa tena."

Hivyo hivyo, siku zikenda. Zahor akamsimulia Darsait alikokulia, ghorofa ya tatu, chini kinyozi na fundi cherehani na duka. "Mama yangu akitaka mkate anashusha kikapu kwa kamba. Huko kwenu mtu akitaka mkate mmoja anawasha Land Cruiser."

"Ndo ujue. Kuta zetu zile, ukianza kuufuata ukuta wa jirani utafute mlango wake, jua linakupoteza akili."

"Sasa Bi Mahfoudha na magoti yake, mkenda kazini nyote, anashindaje? Haoni mtu mpaka magharibi?"

Khawla akakaa juu ya ukingo, nguo mapajani. "Haoni mtu? Mama yangu anaona watu kuliko wewe. Sie tuna njia yetu. Walipohamia hapa, kina mama walikataa kufungiwa, wakafanya kama kwao Unguja, wakatoboa milango ya uani. Kwetu na kwa Bi Mahbuba, mlango. Kwa Bi Mahbuba na kwa Bi Shaikha, mlango. Bi Shaikha ndo wa mwisho, kwake unatokea ubavuni mwa duka la yule Mhindi, Mmalabari. Wanapita na kanga zao, hapana anaewaona."

"Na dukani wanaingia na kanga?"

"Thubutu! Nyuma ya mlango wa Bi Shaikha pana msumari, na kwenye msumari abaya. Moja tu. Anaetoka anaivaa, akirudi anaitundika. Mmalabari anadhani mwanamke wa Hail ni mmoja, siku nyengine mrefu, siku nyengine mfupi."

Zahor alicheka mpaka simu ikakwaruza. Kisha akasema kwa sauti nyengine, "Khawla, unajua hili ni jambo kubwa? Tunazunguka na karatasi kutafuta njia ya kuwasogeza majirani, kumbe mnayo."

"Nimekwambia wewe," Khawla akasema, na hakuongeza. Kwao neno hilo peke yake ni kufuli.

Lakini Zahor hakuwa wa kwao. Wazee wake wametoka Tabora, na huko uani ni pa wazi, jirani anakata njia na ndoo yake ya maji na hapana wa kumuuliza. Hakujua kwamba kwa watu wa Unguja mlango wa uani ni kama nguo ya ndani. Kila mtu anajua ipo, hapana anayeianika barazani.

Mwezi wa Shaaban watu wa Hail wakaalikwa ukumbini waelezwe utafiti umeona nini. Wanaume wakakaa mbele, wanawake nyuma. Khawla kavaa abaya mpya, kajitia manukato ya halud, kakaa baina ya mama yake na Bi Mahbuba. Zahor akasimama na kilemba cha zambarau, na Khawla akaona moyo wake unataka kusimama naye. Ukutani ikatokea picha ya mtaa wao kama anavyouona ndege, mapaa meupe na kuta. Juu yake pakachorwa mstari mwekundu. Unaanzia jikoni kwa Bi Mahfoudha, unakata nyumba mpaka nyumba, unatokea dukani.

"Hii," Zahor akasema, uso umemng'ara, "ndiyo njia iliyo hai kuliko zote Hail, na haimo katika ramani yoyote. Wameitengeneza kina mama."

Wazungu wakapiga makofi, wakajikuta peke yao. Bwana Hatem, mumewe Bi Shaikha, mtu mpole asiyependa kusema mbele za watu, akainuka taratibu.

"Mstari huo unapita jikoni kwangu."

Zahor akageuka kuutazama mstari.

"Basi kesho hautapita," Bwana Hatem akasema, akatoka.

Bi Shaikha aligeuka akamtazama Khawla, na Khawla akatamani sakafu ipasuke.

Asubuhi yake mlango wa Bi Shaikha ukatiwa kufuli. Mumewe Bi Mahbuba, asije akaambiwa yeye hana wivu, akatia la kwake.

"Khawla, mimi nilikuwa nawasifu!" Zahor akasema kwenye simu.

"Ulituvua nguo, Zahor. Mbele ya wanaume wa mtaa mzima."

"Sikujua. Wallahi sikujua."

"Nilikwambia wewe. Sikuuambia ukumbi. Khalas, usinipigie tena."

Ramadhani ikaingia na milango imefungwa. Bi Mahbuba akikaanga bajia, harufu inaruka ukuta, inafika mezani kwa Bi Mahfoudha. Lakini sahani yenyewe lazima ipakiwe garini, izungushwe barabara yote, ndipo ifike nyumba ya pili. Marhoon akawa anaendesha na bakuli la uji wa pilipili manga baina ya magoti, nusu unafika, nusu unamwagikia kiti. Gari yote ikanuka futari.

"Huyo mtafiti wako," Marhoon akamwambia dada yake, "mwambie aje aikoshe."

"Si wangu."

"Haya. Mwambie asiekuwa wako."

Kilichomuumiza Khawla si maneno ya Marhoon. Alikuwa akirudi skuli anamkuta mama yake kakaa kwenye kibao, karibu na mlango uliofungwa, kanga imemfunika mabega, anaita kwa sauti yake ya uzeeni.

"Mahbuba! Umelala vizuri?"

"Nimelala! Magoti?"

"Yapo!"

Na baada ya hapo hawana la kusema, kwa kuwa mambo ya mashoga hayasemwi kwa kupiga kelele. Bi Mahfoudha hakumlaumu mwanawe hata siku moja. Angelaumiwa, Khawla angepata nafuu. Usiku akiitazama simu, imenyamaza kama alivyoiamuru, na kunyamaza kwake kunamuudhi vile vile.

Mwisho wa Ramadhani, baada ya futari, ikalia simu ya nyumbani. Bi Mahfoudha akapokea.

"Shikamoo, mama. Ni Zahor."

"Zahor yupi? Yule aliyeichora nyumba yangu?"

"Ndiye huyo. Nimekosa, mama."

"Umekosa sana. Kwani kwenu Tabora hakuna uani?"

"Uani upo, mama. Ila hauna mlango. Watu wanapita tu."

Bi Mahfoudha alitaka kukasirika, kicheko kikamtoka kwanza. "Lo! Masikini, ndo maana. Haya sema, nasikia."

Wakazungumza. Khawla kajitia anakosha vikombe, kikombe kimoja kakikosha mpaka kinalia. Mwisho mama yake akamnyooshea mkono wa simu. "Shika. Mie masikio yangu yamechoka."

"Nakusikia," Khawla akasema, mkavu.

"Mstari nimeufuta. Bi Annelies mwenyewe kakubali, kasema hata kwao mlango wa mtu hauchorwi bila ya yeye kuridhika. Badala yake tumeandika kile kichochoro nyuma ya kuta zenu, kilichojaa kifusi cha mafundi. Kisafishwe, kitiwe kivuli, kila mtu aweze kwenda dukani kwa miguu."

"Kitasafishwa?"

"Baladia wamesema watalitazama. Unajua maana yake. Khawla, na kwa Bwana Hatem nimekwenda."

Kikombe kikatulia. "Akakwambiaje?"

"Kasema, 'Ukutani umeufuta, kichwani mwako je? Mwanamme wa kando anaijua njia ya jikoni kwangu, hilo halifutiki. Labda asiwe wa kando.'"

Khawla akaelewa, damu ikampanda usoni, halafu ikamshuka. Akatoka na waya wa simu mpaka ulipofika mwisho, asisikiwe. "Kwa hivo unanioa mie, au unauoa mlango?"

Zahor akasema polepole, "Maswali ya utafiti yalikwisha siku ya kwanza. Miezi yote ile nikikupigia, nilikuwa nikitafiti nini?"

Khawla akauzungusha waya wa simu kidoleni.

"Mlango nitauombea radhi hata ukinikataa. Nimemwambia Bwana Hatem, usiufungue kwa ajili yangu, ufungue kwa ajili ya Bi Mahfoudha, kosa si lake."

"Akasemaje?"

"Kanimiminia kahawa nyengine."

Khawla akatabasamu gizani kwenye ukumbi, akashukuru kwamba simu haina macho. "Sijasema nakukataa. Haya, walete wazee wako Idi pili. Lakini jibu sijatoa, usije ukajisahau."

Idi pili, asubuhi, nyumba imefukizwa mpaka mapazia yananukia. Khawla kavaa kanzu ya hariri ya kijani, asmini shingoni, mikono ina hina mbichi mbichi. Wageni wanatarajiwa mlango wa mbele, huko Marhoon keshatandika mito. Bi Mahfoudha peke yake kakataa kukaa ndani. Yuko uani, kwenye kibao chake.

Ndipo nyuma ya ukuta pakasikika ufunguo. Kufuli likagoma, likakubali. Mlango ukalia kwa kutu, ukafunguka.

"Hodi ya uani!" Bi Mahbuba akasema, na huyo, kamfikia shoga yake. Hawakusalimiana. Walishikana mikono tu, wakatikisana kama watoto.

Nyuma yake akaingia Bi Shaikha. Akamtazama Khawla, safari hii kwa jicho la kawaida. "Wanitazamia nini? Nimekuletea mgeni."

Mgeni alikuwa mama mnene mwenye vishimo vya mashavu alivyorithi Zahor, kajifunga kanga na nyengine kajitanda. "Mwanangu, samahani, nimeingia kwako bila abaya. Nimeona msumari una moja, nikauliza, na yangu inaruhusiwa?"

"Nikamwambia msumari ni wa nyumba zote," Bi Shaikha akasema.

Khawla akainama kumbusu mkono, na mama yake Zahor akamvutia pembeni ya jiko, akamuuliza alilokuja kuuliza. Khawla akajibu, sauti ndogo. Bi Mahbuba, aliyejitia hasikii, akapiga kigelegele.

Simu ya mkononi ikalia.

"Khawla, tumepotea! Kuta zote sawasawa, hii raundabauti tunaizunguka tu. Baba kashika halwa na hasira. Na mama kashuka dukani kwa Mmalabari, kasema anajua njia. Umemwona?"

"Bwana wa ramani kapotea?"

"Usinicheke. Umemwona?"

"Keshafika. Keshakunywa kahawa. Keshauliza."

Pumzi ya Zahor ikasikika. "Na ukamjibu nini?"

"Nimemjibu yeye," Khawla akasema. "La jikoni halitangazwi barabarani. Wewe zunguka tu, mpenzi wangu, utafika."

Mara honi ikalia, ndefu, haikomi, na kuta zote za Hail zikaipokea.

"Nani huyo anapiga honi kama yuko harusini?" Bi Mahfoudha akauliza, mkono wa shoga yake ungali mkononi.

"Mkweo, mama," Khawla akasema. "Yupo hapo hapo, nyuma ya ukuta."