Moto Chini ya Karai

Kageha alimwona Phineas kabla yeye hajaonekana. Soko la Kakamega lilikuwa limefurika, na Phineas alikuwa amesimama kwa wauza kuku, shati lake la buluu likinuka moshi na miwa kama kawaida, akimpapasa kuku mwekundu chini ya mkia kujua kama anataga.

Moyo ulimruka. Tangu arudi kwao mwezi uliopita hakuwa amemtia machoni. Kisha hasira ikaukalisha moyo chini.

"Kuku wa nani huyo?"

Phineas aligeuka, nusura amwachilie kuku. "Kageha wangu! Hiyo gauni ya manjano umeshona lini? Umependeza mpaka nasahau jina langu."

"Nimeuliza kuku wa nani."

"Wa mgeni." Sauti ikashuka. "Mama amemwalika msichana kutoka Likuyani, anaitwa Wendy. Anakuja Jumapili. Lakini mimi sijakubali kitu."

"Hujakubali, na kuku unamchagulia!"

Miaka miwili walikuwa wamekaa chumba kimoja pale Lurambi. Mama yake Phineas aliapa kwamba ng'ombe wa mahari hawatatoka bomani mpaka mimba ionekane. Kageha alinywa mizizi michungu ya mama huyo hadi ulimi ukafa ganzi. Alienda kupimwa peke yake. Alipomwomba Phineas naye aende, akajibiwa kwamba mwanamume mzima hapimwi. Jioni hiyo akafunga virago.

"Sasa sikiza," alisema. "Nesi Chelimo wa kliniki alinionyesha kwenye picha ukutani. Mayai yangu nilizaliwa nayo, yalikuwa ndani yangu hata kabla mama hajanizaa. Kila mwezi moja linapevuka, linatoka kwenye ovari, linaingia kwenye mrija kungoja. Yangu yanapevuka. Mirija iko wazi. Yai limengoja weee, hakuna aliyefika!"

"Punguza sauti, mami."

"Sipunguzi! Mbegu zako hukuzaliwa nazo. Zinatengenezwa kila siku kwenye korodani, na moja inachukua karibu miezi mitatu kukomaa. Unajua kwa nini Mungu alizitundika nje ya tumbo? Zinataka ubaridi. Na wewe kutwa kazini unasimama juu ya karai la kuchemshia sukari guru, moto unakupiga hapo hapo!"

"Unaniita hanithi mbele ya watu?"

"Hanithi ni mambo mengine. Huko sina malalamiko."

Wanawake wa mboga wakaangua kicheko. Kageha hakucheka. "Lakini mbegu ni habari tofauti, na hujawahi hata kuuliza. Mimi niliitwa tasa mezani kwenu, wewe ukaendelea kula."

Akaondoka. Simu ililia jioni hiyo na kesho yake, hakuishika. Ijumaa aliishika ili tu amtukane.

"Nimetoka kliniki," Phineas alisema upesi. "Mbegu ni chache, na nyingi haziogelei vizuri. Chelimo anasema huenda ni moto, huenda si moto. Nitapimwa tena hizi zikiisha na mpya zikikomaa. Nimeomba kutolewa kwa karai, sasa napakua miwa."

"Unataka nikupigie makofi?"

"Nataka uje Jumapili."

"Nije nimpakulie Wendy wako?"

"Njoo tu, mpenzi. Ukitoka hapo na hasira zaidi, sitakupigia tena."

Jumapili alivaa gauni lile la manjano, na hakulivaa ili kumpendeza mtu. Wendy, msichana mpole mwenye sweta jeupe, alimpisha kwenye kochi nyumbani kwa kina Phineas.

"Huyu naye ameitwa na nani?" mama aliuliza.

"Na mimi, mama," Phineas alisema.

Ugali wa obusuma ukaletwa, na kuku, ingokho yenyewe, kwenye bakuli kubwa. Mama akateua firigisi, akaiweka kwenye sahani ya mwanawe, kama anavyowekewa mwanamume katika kila nyumba ya kwao. Phineas hakuigusa.

"Mama, nimepimwa. Dosari iko kwangu. Kageha ulimnywesha mizizi bure, nami nilinyamaza."

"Ukoo wetu hauna mwanamume wa namna hiyo!"

"Basi mimi ni wa kwanza. Ng'ombe watapelekwa kwao kabla ya Krismasi, mimba iwe au isiwe." Akamgeukia Kageha. "Ikiwa bado unanitaka."

Akaichukua firigisi, akaiweka kwenye sahani ya Kageha.

"Hiyo ni ya mwenye nyumba!" mama alifoka.

"Ndiyo maana nimempa."

Wendy aliinama kuficha tabasamu. Machozi yalimpanda Kageha, akayakataa. Hasira ya miaka miwili haiishi kwa kipande cha nyama, naye hakutaka kudanganya kwamba imekwisha. Aliitafuna firigisi polepole, macho yake yakiwa kwa yule mama, hadi ikaisha yote.

"Chumvi haijakolea, mama," alisema. "Jumapili ijayo nitapika mimi."