Kamera Iliyogeukia Maua

Duka la vifaa vya umeme lilikuwa limejaa hadi mlangoni, na kila mtu alikuwa na haraka. Muuzaji alichomeka kwenye umeme cherehani iliyotoka kutengenezwa, taa yake ndogo ikawaka, na dada mwenye gauni la njano akarusha mikono juu.

"Asante Yesu! Imepona!"

Duka zima likageuka. Nyuma yake kijana mrefu, shati lake jeupe limenyooka kama karatasi, akashindwa kuzuia kicheko.

"Dada, hiyo ni cherehani, si mgonjwa."

"Kaka, ingekuwa inakulisha wewe, ungepiga magoti hapa hapa."

Kijana alitoka na namba ya simu ya dada yule, akasahau waya alizozifuata. Siku za kazi alikuwa karani wa bima, na Jumapili alishika kamera ya kanisani kwao, ibada ikirushwa mtandaoni. Akamkaribisha. Dada yule, fundi wa kushona, akaja, akaketi safu ya pili, na wimbo ulipokolea akavua viatu, akazunguka mpaka kitambaa cha kichwa kikamdondoka. Nyuma ya kamera, karani alipenda, akapenda tena.

Jumatatu, wenzake ofisini walikuwa na video ya ibada ile.

"Karani, huyo kichaa wa kanisani kwenu ni nani?"

"Hata simjui," akajibu, akacheka nao. Hiyo ndiyo dhambi yake, na aliijua. Tangu hapo, fundi akivua viatu tu, kamera iligeukia maua kando ya mimbari.

Mapenzi yakaendelea kwa simu, asubuhi na mchana.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula. Na wewe, Bwana Kamera, umeomba?"

"Kimoyomoyo."

"Mungu si kiziwi, sawa. Lakini na wewe si bubu."

Kisha akaja bibi harusi mtarajiwa, akitaka mikono ya gauni kama ile ya fundi. Fundi akafungua ibada kwenye simu amwonyeshe inavyokaa mtu akiinua mikono. Maua. Akafungua Jumapili nyingine, na nyingine, hadi kumi na moja. Maua.

"Dada, mbona maua tu?" mteja akauliza.

Fundi alimpigia karani hapo hapo, pini bado ziko mkononi.

"Kamera yenu mbovu?"

"Hapana, mpenzi, kwa nini?"

"Jumapili kumi na moja ni maua. Yameokoka kuliko mimi?"

"Kazini wanakucheka. Nilikuwa nakulinda."

"Unanilinda mimi, au unalinda shati lako? Daudi alicheza mbele za Bwana, mkewe Mikali akamchungulia dirishani, akamdharau. Mimi nimempata Mikali mwenye ndevu!"

Simu ikakatwa, na kwa siku sita haikupokelewa. Karani alipiga pasi shati moja mara mbili. Alikwenda hadi kona ya duka la fundi, akarudi, akaenda tena, akarudi.

Jumapili fundi alikuja na gauni la kijivu, viatu vimefungwa kamba. Wimbo ukapanda, yeye akakunja mikono mapajani. Kwenye kioo cha kamera alionekana nadhifu, mtu wa heshima zake. Hakuna ambaye angemcheka. Karani alikuwa amepata alichokitaka, na kilimuuma vibaya mno.

Akakumbuka mwaka uliopita, mama yake alipotoka salama kwenye upasuaji. Yeye alikwenda kushukuru chooni, akafungua bomba ili asisikike.

Akaiacha kamera. Akashuka kwenye jukwaa la kamera, akavua viatu kwenye ngazi, kidole gumba kikachungulia kwenye soksi. Akaenda hadi mbele kabisa, akainua mikono, na sauti ikamtoka ikikwaruza.

"Mama yangu yu hai! Asante, Bwana! Asante!"

Akaruka. Ngoma zilikwenda huku, yeye kule. Kwaya ikaanza kucheka, mzee mmoja wa kanisa akasogeza kiti. Karani hakuona kitu, machozi yalikuwa yamemjaa, na furaha aliyoifungia mwaka mzima ilikuwa inatoka yote. Fundi naye alicheka mpaka akaziba mdomo. Kisha akalia. Kisha akainama, akafungua kamba za viatu.

Kamera haikuwa na wa kuigeuza. Ilirusha kila kitu.

Baada ya ibada walisimama getini, viatu mkononi, jasho likiwatiririka.

"Mpenzi, unacheza vibaya," fundi alisema. "Vibaya kabisa."

"Najua. Nisamehe yale maua."

"Nimekusamehe tangu ulipokosea ngoma. Lakini kesho kazini watakumaliza."

"Wameshaanza." Simu ilikuwa inatetemeka mfukoni. "Wanauliza huyo kichaa ni nani."

"Ukawajibu nini safari hii?"

"Kwamba ni mimi. Na yule wa kwanza waliyemcheka ni mchumba wangu, akinikubali."

Fundi alimtazama usoni, akashusha macho taratibu hadi miguuni, akatoa sindano aliyoichomeka kwenye ukosi wa gauni.

"Lete hiyo soksi," alisema. "Kwa mama yangu huendi na kidole nje."