Mkanda Kutoka Japani

"Na sasa, wananchi, mwana wa mfalme amefika! Yuko nje, anabisha!" Kipyego alipaza sauti kwenye maikrofoni.

Ukumbi mzima ukapiga makofi. Wacera peke yake hakupiga. Kwenye televisheni msichana alikuwa amefungua mlango, na nje hakukuwa na mtu. Kulikuwa na barabara tupu tu.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya Kipyego. Kila Jumamosi, karibu na soko la Eldoret, alionyesha video za lugha asizozijua na kuzitafsiri kwa kubahatisha. Katuni ya siku hiyo ilikuwa ya Wacera, mwalimu wa darasa la tatu. Ephantus, mchumba wake aliyekwenda kusoma Japani, ndiye aliyeituma, bila hata salamu. Picha ilitoka bila rangi, maana mashine za huko na zetu hazielewani. Hata hivyo Wacera aliitambua hadithi mapema. Ni ile aliyosomewa shuleni akiwa mdogo, ya msichana wa mnarani aliyewasha taa kila jioni mpaka mwana wa mfalme akarudi kumuoa.

Watu walipotoka, alimfuata Kipyego pale kwenye mashine.

"Kipyego, mbona umedanganya watu? Hakuna mtu alikuja."

"Mwalimu, watu wametoka shamba wamechoka. Niwaambie jamaa amepotelea huko?"

"Kwa kitabu alirudi."

"Kitabu ni ya zamani. Hawa Wajapani wameibadilisha. Si umeona mwenyewe? Msichana amezima taa, ameshuka ngazi, ameenda zake."

"Ameenda wapi?"

"Sasa hiyo mimi nitajuaje? Kijapani sisikii."

Wacera alicheka kidogo, kisha kicheko kikamwishia mdomoni.

"Wewe ungechagua hadithi gani?"

"Ya kitabu ni tamu, sikatai. Lakini huko kwa kitabu, kuna mahali huyo dada anaulizwa kama amechoka?"

"Hakuna."

"Na wewe, kuna mtu amekuuliza?"

"Kipyego, mimi nimechumbiwa."

"Najua. Eldoret yote inajua."

Kweli ilijua. Watu wa kina Ephantus walikuwa wamepeleka kwa baba yake Wacera kondoo jike na mbuzi jike ambao hawajazaa, ile alama ya Wakikuyu ya kusema msichana huyu ana wenyewe. Tangu siku hiyo Wacera alikuwa kama ploti iliyowekwa bikoni za mpaka. Hakuna anayelima, hakuna anayejenga. Chumbani kwake katika mtaa wa West Indies, hapo mjini, alipika chakula cha mtu mmoja na kuijibu redio. Upweke ulimuuma, na aliona haya hata kuutaja.

Mtu pekee aliyebaki naye alikuwa Mama Ephantus. Kila Jumapili alienda kijijini Yamumbi kumchotea maji na kumkanda magoti.

Baada ya siku ile ya katuni, Wacera alipomwambia baba yake kwamba anataka wanyama warudishwe, mzee alifoka.

"Hiyo ni kazi ya wazee! Msichana hajirudishii!"

Lakini wazee wenyewe walikuwa na shughuli zao. Mwaka ule wa mlolongo, kura ya kujipanga nyuma ya mgombea, kila mzee alikuwa na mtu wake wa kupangia foleni. Jumapili, baada ya kanisa, Wacera aliwafungua wanyama mwenyewe kwa baba yake, akapita nao katikati ya Yamumbi.

"Wacera! Unawapeleka wapi hao?" Virginia wa duka aliuliza kwa mshangao.

"Kwao."

Mama Ephantus alikuwa uani akipukuchua mahindi. Alipoona kamba mbili, mikono ilisimama.

"Nani amekutuma?"

"Nimejituma, Mama. Nimechoka kungoja. Ephantus akirudi, anisamehe."

Wacera alitarajia matusi. Mama alitazama chini.

"Hatarudi."

"Unasemaje?"

"Alipiga simu kwa duka, nikaitwa. Akaniambia, 'Mama, nimeoa huku. Mwambie Wacera polepole.'"

"Lini?"

"Kabla ya Krismasi."

Tangu Krismasi mahindi yalikuwa yamepandwa na kuvunwa. Jumapili zote hizo Wacera alikuwa akiuliza kama kuna habari, naye akijibiwa, "Bado, mwanangu. Vumilia."

"Mama, umenidanganya nikikukanda miguu!"

"Nimekudanganya."

"Kwa nini? Nimekukosea nini?"

"Ungejua, ungeacha kuja." Mama aliweka gunzi chini. "Mzee wangu alikufa. Mtoto amekuwa wa wenyewe. Ni wewe tu nilibaki naye. Kila wiki nasema leo nitamwambia. Nikikusikia hapo kwa geti, roho inakataa."

Wacera alilia kwa hasira, na hasira ile ilichanganyika na huruma asiyoitaka. Aliwafunga wanyama kwenye ua, akaenda hadi getini.

"Jumapili sitakuja, Mama."

"Najua."

"Labda siku moja nitakuja. Sijui. Lakini usiningoje. Tafadhali, usiningoje. Mimi najua inavyouma."

Mama Ephantus aliitikia kwa kichwa. Alimtazama akishuka njia mpaka akapotea. Kisha akavuta kigoda chake, akakiweka palepale getini, akaketi akitazama njia.