Rudi Kesho, Bibi Tsona

Kompyuta ya ofisi ya vizazi na vifo ya mji wa Stara Kalina ilianza utovu wa adabu siku ya Jumatatu. Karani, Velichka Tasheva, aliandika jina lake na neno la siri, ikampokea, ikamwonyesha nembo ya serikali, na kabla hajavuta kiti ikamtoa nje. Akaingia tena. Ikamtoa tena. Ofisi nzima ilinukia ngano ya kuchemsha yenye sukari, ile tunayogawa kwa ajili ya marehemu, na hakuna aliyeileta.

Jumatano akaja fundi, Ognyan. Alikuwa amerudi kutoka Ujerumani baada ya miaka kumi, na huko alijifunza mambo mengi mazuri na moja la kukera: akikubali jambo, hupeleka kichwa juu na chini. Sisi Wabulgaria tukifanya hivyo tunakataa.

"Mama, umeizima ukaiwasha?"

"Kijana, miaka thelathini serikalini nimefanya nini kingine?"

"Labda umekosea neno la siri."

"Ningekosea ingeniambia. Hii inanikaribisha, halafu inanifukuza! Na Ijumaa napasuliwa moyo kule Sofia. Hospitali inataka cheti changu cha kuzaliwa kutoka humu. Bila hicho hawanigusi."

Ognyan akapitia mlango wa uani, yaani skrini nyeusi ya mafundi. "Diski imejaa," akasema. "Ukiingia, mashine inataka kuandika kwamba umeingia. Haina pa kuandika, inakutoa." Akatafuta kilichoijaza, akakuta faili moja, lenye mstari mmoja uliorudiwa mara milioni kadhaa: *Rudi kesho, bibi.*

Akalifuta. Likajaa upya mbele ya macho yao, na kila mstari uliposhuka ulisikika mlio mdogo wa kugonga, kama fimbo juu ya kioo.

"Mama Velichka," akanong'ona, "bibi gani?"

Velichka alikuwa ameshika kifua. "Tsona Kirova. Walikuwa wawili, jina moja. Desemba alikufa wa mtaa wa juu, mimi kitabuni nikamfisha wa mtaa wa chini."

"Si ungerekebisha tu?"

"Kwa maelezo ya maandishi, nakala tatu, na sahihi yangu chini ya neno KOSA? Huyo wa chini alikuja kila asubuhi pale dirishani. 'Mwanangu, leo niko hai?' Nikamwambia arudi kesho. Zahanati haimpi maiti dawa ya moyo. Februari akafa kweli, na hata cheti cha kifo hakupata, maana kitabuni alikuwa amekwisha kufa." Akatazama kalenda. "Leo ni arobaini yake."

Ndipo ule mlio ukatoka kwenye mashine ukahamia dirisha la wateja, taratibu, gonga, gonga, saa sita mchana jua likiwaka uwanjani, na harufu ya ngano ikazidi hadi ikawa ya kitu kilichochacha ndani ya sanduku lililofungwa, na nyuma ya kioo kikasimama kitambaa cheusi cha kichwa na chini yake uso usiotazamika, na ukungu wa pumzi ukaanza kutanda juu ya kioo, ukatanda, ukateremka, na Ognyan akaona kwa macho yake kwamba ulikuwa unatanda upande wa ndani, upande waliokaa wao.

"Bibi Tsona," Velichka akasema, "nitaandika kosa langu. Nakala tatu, leo hii. Umenisamehe?"

Kile kichwa kikapanda. Kikashuka.

"Amekubali!" Ognyan akaruka. "Mama, amekusamehe!"

Velichka hakuruka. Yeye hakuwahi kuishi Ujerumani.

Dirisha likabaki tupu. Mashine ikafunguka yenyewe, nyepesi, kama mlango uliotiwa mafuta, na safari hii haikumtoa mtu. Ognyan, angali na furaha, akaketi, akaingiza namba ya kitambulisho cha Velichka ili amtolee cheti chake. Ukurasa ukafunguka. Akasoma. Akasoma tena, kidole chake kikifuata mstari mmoja, tarehe ya kifo, ya Desemba.

"Vipi?" Velichka akauliza. "Ognyan, mwanangu, humo ndani niko hai?"

Ognyan akainua kichwa, akakishusha, na kwa mara ya kwanza tangu arudi nyumbani, alifanya hivyo kama sisi.