Kimya cha Shefali

Kila alfajiri Shefali Tanti alisoma kwa sauti, akiyumbayumba kitandani hostelini mpaka koo linamkauka. Ndivyo walivyosoma watoto wote wa wachuma chai kwao Srimangal. Mama akiwa jikoni aliisikia sauti, akajua mtoto anasoma. Kimya kilikuwa uvivu. Na katika ukoo ambao hakuna aliyewahi kukanyaga chuo, nani angemwambia vingine?

Basi jaribio la kwanza alianguka. Akifeli na la pili, angepoteza nafasi yake chuoni na kurudi kuchuma chai. Maskini, alikuwa amechoka mpaka kwenye mifupa.

"Wee redio, leo huzimiki?" alitania Lutfa, mwanafunzi wa mwaka wa tatu aliyelala kitanda cha jirani.

"Niache, dada. Nimesoma sura nzima, kichwa bado kitupu."

Lutfa akamfungia kitabu. "Haya, nieleze. Kwa nini maji huchukua udongo wa mteremkoni?"

Shefali akaanza kughani ukurasa.

"Hayo ni ya kitabu. Ya kwako yako wapi?"

Shefali alikwama, aibu ikamshika.

"Hapo ulipokwama ndipo pa kuanzia kesho. Unapopajua, pita. Pakikushinda kabisa, muulize mwalimu, haumi mtu!"

Kesho yake Shefali alifunga kitabu, akaanza kujiuliza na kujijibu kimoyomoyo. Kumbe kujiuliza kulichosha kuliko kupiga kelele! Siku nyingine alitamani kulia. Lakini jaribio la pili alifaulu, ingawa kwa taabu.

Likizo ilipofika, mama alirudi kutoka shambani, mgongo unamuuma, akamkuta bintiye ndani mkekani, kitabu kimefungwa, macho yamefumbwa.

"Ala! Ndiyo chuo kimekufundisha kulala? Sisi huku tunavunjika migongo!"

Maneno yalimchoma Shefali. "Sijalala, mama. Niulize chochote."

Mama hakujua kusoma. Akafungua kitabu, akaweka kidole kwenye picha ya wingu. "Hii je?"

Shefali akaeleza mvua inavyotokea, akakwama, akanyamaza, kisha akaendelea hadi mwisho.

"Mbona ulinyamaza katikati?"

"Nilikuwa natafuta, mama."

Mama akajibwaga chini kando yake. "Kumbe zile kelele zilikuwa za kunifurahisha mimi. Basi tafuta, mwanangu. Jiulize mwenyewe kabla mtihani haujakuuliza."

Nje, watoto wa jirani walikuwa wakighani masomo yao. Mama akachungulia mlangoni.

"Nyie! Punguzeni kelele, kuna mtu anasoma humu!"