Kitabu Kilichofungiwa Sandukuni

Kila Jumapili, tukitoka kanisani hapa Kathiani, mimi hupitia dukani kwa Mwangangi. Mwangangi ana simu ya mkono. Hunipa kiti cha plastiki, nami huketi nje nikichambua mbaazi na kungoja. Saa saba hivi simu hulia. Ni binti yangu Mutindi, anapiga kutoka Ujerumani.

Mutindi alimfuata mumewe huko mwaka wa 2002. Festus, mumewe, hufanya kazi katika kiwanda cha mikate. Huondoka alfajiri na kurudi alasiri. Mutindi hubaki na mtoto wao Nzembi, mwenye miaka minne. Nzembi ana pumu.

Mimi napenda vitendawili, kwa hiyo nakutegea kimoja. Ana mdomo, ana meno, ana sauti, lakini akiulizwa jambo dogo huwa bubu. Ni nani? Ni mgeni asiyejua lugha ya wenyeji. Huyo alikuwa binti yangu.

Asubuhi moja kifua cha Nzembi kilibana. Dawa yake ya kupuliza ilikuwa imekwisha. Mutindi alimfunga mgongoni kwa leso, akakimbia hadi duka la dawa. Muuzaji akamuuliza jambo. Hakuelewa. Akamuuliza tena, polepole. Mutindi akajigonga kifua, akamwonyesha mtoto, akaanza kulia. Ni bahati tu kwamba muuzaji alisikia kifua cha Nzembi kikipiga filimbi, akamwita daktari wa jirani.

"Mwaitu," aliniambia kwenye simu, maana ndivyo sisi Wakamba tunavyomwita mama, "siku nyingine nitasema nini? Huyu mtoto atanifia mgongoni nikiwa nimenyamaza."

Siku hiyo nilirudi nyumbani, chakula kikanishinda.

Katika jengo analokaa Mutindi, ghorofa ya juu anakaa Swabra. Yeye ni mzaliwa wa Machakos mjini, na amekaa huko Ujerumani miaka tisa. Aliposikia habari hiyo alishuka.

"Mama Nzembi, mbona huendi maktaba ukajifunze Kijerumani?"

"Maktaba ni ya wanafunzi."

"Nani amekuambia? Ni ya watu wote wa mji. Wazee wanaenda kusoma gazeti. Akina mama wanaenda na watoto."

"Na askari wa mlangoni?"

"Askari gani?"

"Si yule wa kuuliza kitambulisho, na unatafuta nani."

Swabra alicheka. "Hakuna askari. Unasukuma mlango, unaingia. Kukaa na kusoma ni bure. Ukitaka kubeba kitabu nyumbani, hapo ndipo unaonyesha pasipoti na karatasi ya mahali unakaa. Wanakuandikia kadi."

"Wakishaniandika, jina langu linapelekwa wapi?"

"Linakaa hapo hapo. Dada, woga wako unaweza kujaza gunia."

Kesho yake Mutindi alienda. Alisimama nje kwa muda mrefu kabla ya kusukuma mlango. Mama mmoja wa maktaba alimsalimu, akaangalia karatasi zake, akampa kadi. Kisha akamletea kitabu cha wanaoanza, chenye picha na kaseti ya kusikiliza.

Na sasa sikia alichofanya binti yangu. Alifika nyumbani, akakifunika kile kitabu kwa gazeti kama tunavyofunika vitabu vya shule. Akakiweka ndani ya sanduku la nguo na kaseti yake. Akafunga kwa ufunguo, Nzembi asije akakichana. Hakukifungua hata siku moja.

Kosa hilo lilitoka kwangu. Mutindi akiwa darasa la tano alipoteza kitabu cha hesabu cha shule. Alirudishwa nyumbani wiki mbili. Mimi nikamchapa. Tangu siku hiyo, kitabu cha wenyewe kwake ni kama yai. Hakishikwi ovyo.

Wiki zikapita. Ikaja barua. Ilikuwa na muhuri wa mji, na jina lake kamili limepigwa chapa. Mutindi hakuweza kuisoma. Aliificha chini ya godoro, wala hakumwonyesha Festus. Ikaja ya pili. Akaacha kumpeleka Nzembi nje kucheza. Mlango ukigongwa, walikaa kimya jikoni, mkono wake ukiwa juu ya mdomo wa mtoto.

Jumapili ile aliniongelesha kwa kunong'ona.

"Mwaitu, serikali imeniandikia mara mbili. Nafikiri wanataka kuturudisha."

"Barua inasema hivyo?"

"Sijui inasema nini."

"Festus amesema nini?"

"Sijamwambia. Atasema nilienda kujitafutia matata."

Mbaazi zilinimwagika. Lakini nilimwambia, "Mutindi, kata simu. Panda ngazi saa hii, hizo barua umpe Swabra. Usikae nazo hata dakika."

Alipanda. Swabra alisoma ya kwanza, akasoma ya pili, akamtazama.

"Hizi ni za maktaba."

"Wanasema nini?"

"Siku za kitabu zimekwisha. Ukirudishe, ama uombe waongeze siku. Hiyo tu. Kwani bado hujakimaliza?"

Mutindi akaanza kuzikunja zile barua.

"Mama Nzembi. Kitabu kiko wapi?"

Waliteremka, wakafungua sanduku. Kitabu kilikuwa kinanuka dawa ya nondo. Swabra akaketi juu ya kitanda, akacheka mpaka akafuta macho.

"Umekiweka kama cheti cha ndoa," alisema. Kisha akaacha kucheka. "Sikiliza. Kitabu cha maktaba kimewekwa kishikwe. Kikikupotea ama kikiharibika, unaenda unawaambia, mnaelewana. Hakuna mtu anafukuzwa nchi kwa sababu ya kitabu. Na ukipata barua usiyoelewa, usiilalie. Tafuta mtu akusomee siku hiyo hiyo."

"Nikianza kusoma, nianzie wapi? Maneno ni mengi."

"Ni kitu gani unaogopa zaidi?"

"Nzembi akose pumzi na baba yake hayuko."

"Basi anzia hapo."

Kesho yake walienda maktaba wote watatu, wao wawili na Nzembi. Mama wa maktaba aliongeza siku bila hata kukunja uso. Akamwonyesha Mutindi meza ambapo wageni huketi Jumatano mchana na kufanya mazoezi ya kuongea. Akampa pia kitabu cha picha cha mwili wa mtu. Kifua, koo, pumzi.

Tangu hapo kaseti ililia jikoni kila asubuhi. Mutindi aliosha vyombo akisema jina lake. Alikunja nguo akisema mtaa wake na namba ya nyumba. Nzembi alimkosoa, maana mtoto hushika haraka. Sentensi moja aliiandika kwenye karatasi, akaibandika ukutani karibu na simu. *Mein Kind bekommt keine Luft.* Yaani, mtoto wangu anakosa pumzi.

Baridi ilipokuja, jambo aliloliogopa likaja nayo. Ilikuwa saa nne asubuhi. Dawa ya kupuliza ilikuwepo, lakini safari hii haikusaidia. Midomo ya Nzembi ilianza kubadilika rangi. Swabra alikuwa kazini, Festus kazini.

Mutindi alipiga 112, namba yao ya dharura. Sauti ya mwanamume ikajibu. Binti yangu anasema kila neno alilojifunza lilimtoka kichwani. Akatazama ukutani. Akasoma ile sentensi. Mwanamume akauliza: wapi? Neno hilo alilijua. Akataja mtaa, akataja namba. Ngapi, miaka? Minne. Jina? Nzembi. Mwanamume akamwambia asikate simu, na hilo pia alilielewa.

Gari la wagonjwa lilifika kabla hajamaliza kumvisha mtoto soksi.

Nzembi alilala hospitali siku mbili. Jumapili iliyofuata simu ililia dukani kwa Mwangangi. Mutindi akanieleza yote.

"Uliogopa?" nilimuuliza.

"Sana, mwaitu. Simu ilikuwa ikinigonga meno."

"Lakini uliongea."

"Niliongea nikiwa naogopa hivyo hivyo."

Nyuma yake nilimsikia Nzembi, kwa sauti kubwa, akiitisha uji.